Gundi Bado Mbichi

Kila Alhamisi, chini ya maktaba ya Ostrava,
katika chumba kilichokuwa stoo ya makaa,
Ludmila hutumwagia mezani magazeti ya zamani:
mabibi harusi wa miaka ya sabini, matangazo ya friji,
ramani za migodi iliyokwisha fungwa.
"Msitafute kizuri," husema. "Tafuteni kinachowachoma."
Hutugawia mikasi butu kama ya chekechea
na kila mtu kopo lake la gundi.

Siku ya kwanza nilicheka.
Miaka thelathini na mmoja nimekagua tiketi,
tramu namba nane, kwenda na kurudi.
Watu kwangu walikuwa aina mbili,
wenye tiketi na wasio nayo.
Sikuhitaji aina ya tatu.
Sasa daktari anasema moyo wangu unachechemea,
binti yangu anasema, "Baba, nenda ukakae na watu,"
basi nimekuja kukaa na watu,
mimi, mkasi wangu na kisirani changu.

Kushoto, Bi Hanh, mwenye duka la mboga na soksi.
Yeye hukata herufi tu. Hazisomi; huzipanga kwa unene.
Anasema lugha yetu ina meno,
kila neno humng'ata ulimi kabla halijatoka.
Ametengeneza mti mzima kwa ile herufi yetu ngumu,
na mimi niliyezaliwa nayo mdomoni
sikuwahi kujua kwamba ina kivuli.

Mbele yangu, Gejza.
Vidole vya mchimbaji: vumbi la makaa
limelala chini ya ngozi, limekuwa buluu.
Hukata polepole, kama anayekata kitovu.
Nilimtambua kwa sikio lililokatika ncha.
Januari ile, theluji ya magoti, nilimteremsha,
yeye na mtoto aliyeviringishwa shali,
kituo kimoja kabla ya hospitali.
Tiketi alikuwa nayo. Ilikuwa imelowa,
nikasema haisomeki.

Ilisomeka.

Picha yake ni tramu:
bati limetoka kwenye friji,
madirisha ni macho ya mabibi harusi,
magurudumu ni vitunguu vilivyokatwa.
Haina mlango.
Niliikagua mara mbili, kama kazini.
Haina mlango.

Yangu ni mikono. Nimekata kumi na saba,
ya wapishi, ya mwanamke anayetangaza sabuni,
yote imenyooshwa, viganja juu,
na hadi nilipomaliza kuibandika sikujua
kwamba haiombi mkate.
Inadai kuonyeshwa kitu.
"Mkono wako uko wapi hapo?" Ludmila aliuliza.
"Yote ni yangu," nikasema.
Akanisogezea gundi, ingawa kopo lilikuwa limejaa.

Nilipekua katalogi tatu nikitafuta mlango.
Nikaupata wa kijani, wenye kitasa cha shaba.
Nikaukata, nikausukuma juu ya meza.
"Januari," nikasema. "Mtoto wa shali."
Sauti ilitoka na kutu.

Gejza hakuinua uso.
"Anaitwa Renáta. Sasa ni muuguzi.
Hupanda namba nane."

Akaupima mlango ubavuni mwa tramu. Akautoa.
Akakata kitasa, akakiweka pembeni,
na mlango akaubandika juu angani,
mbali na reli, mbali na kila kituo.
Kisha akanirudishia kitasa,
kidogo, kama kucha,
kimenata kwenye ncha ya kidole chake.
Ilibidi nikibandue.

"Hicho mnakiitaje?" Bi Hanh aliuliza.
Tukajibu kwa pamoja, Gejza na mimi,
tukanyamaza kwa pamoja pia.
Akavuta gazeti karibu, akashika mkasi,
akaanza kutafuta herufi zake.